GPS za garini: maswali ninayoulizwa na madereva wa Tabora na Kigoma

Nimeendesha magari ya mizigo na ya miradi kati ya Tabora, Kigoma na Mpanda kwa miaka mingi, na tangu nilipobandika GPS, yaani kile kifaa cha kumwonyesha dereva njia, kwenye kioo cha mbele maswali hayajakatika. Wengine hunikuta stendi, wengine hunipigia wakiwa wameshanunua na kitu hakifanyi kazi. Haya ndiyo maswali yanayojirudia. Jambo moja litajitokeza karibu katika kila jibu, kwa hiyo nalitanguliza: unapolinganisha vifaa hivi, anza na ramani iliyomo ndani. Ukubwa wa skrini, sauti na umbo vije baadaye.

Simu ninayo. Kwa nini nihangaike na kifaa kingine?

Kama safari zako ni Kanyenye hadi Ipuli, au Mwanga hadi Ujiji, usihangaike. Simu inakutosha, na hela yako iende kwenye matairi.

Kifaa maalumu huanza kuonyesha faida ukikaa barabarani saa sita au nane mfululizo. Weka simu juu ya dashibodi, jua la Oktoba linapiga kioo, chaja imechomekwa, skrini imewaka na ramani inatembea: itapata moto mpaka ijizime, au ififie usione kitu. Mimi ilinikuta mbele kidogo ya Kaliua. Mwanga ulififia, nikawa nimeinamisha kichwa kutafuta mshale, na papo hapo simu ya tajiri ikaingia, jina lake likafunika ramani yote. Nilisimamisha gari pembeni. Siku ile ndiyo niliyoamua kununua kifaa cha kazi hiyo tu.

Kifaa maalumu kimeundwa kukaa kwenye kioo, hakipokei simu usipokiunganisha na simu yako, na mshale wake unaonekana hata mchana mweupe. Ila kina udhaifu wake: betri ya ndani ya vingi hudumu kama saa moja tu. Kinaishi kwa umeme wa gari. Ukitaka kushuka utembee nacho shambani au porini, kitakuzimikia mkononi.

GPS inakula bando?

Hapana. Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu yetu, kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku huku ikitangaza saa na mahali ilipo, kama redio inavyotangaza. Kifaa chako kinasikiliza tu. Kikizisikia nne au zaidi kinapiga hesabu na kujua ulipo. Ndiyo maana katikati ya msitu wa Koga simu haina hata kijiti kimoja cha mtandao, lakini mshale unaendelea kutembea.

Kinachokula bando ni kupakua ramani na kufuatilia foleni. Ramani pakua nyumbani, kabla ya safari.

Ninunue Garmin au TomTom?

Hili ndilo swali kubwa, na najua watu wanataka jina moja. Kwa huku kwetu ninapendekeza Garmin, na sababu yangu si uimara wa chuma wala uzuri wa skrini.

Kampuni zote mbili ni za siku nyingi: Garmin ilianzishwa Marekani mwaka 1989, TomTom Uholanzi mwaka 1991. Zote zinatengeneza vifaa vizuri vya skrini za inchi 5 hadi 7. Tofauti inayomhusu dereva wa Urambo au Kasulu ni hii: Garmin nyingi, zikiwemo nüvi za zamani na Drive zilizofuata, zina nafasi ya memori kadi na zinakubali ramani zilizotengenezwa na watu wengine. Unaweza kununua ramani ya Tracks4Africa, watu wa Afrika Kusini waliokusanya njia za bara hili kutoka kwa wasafiri wenyewe. Unaweza pia kupakua bure ramani iliyotengenezwa kutokana na OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri: faili linaitwa gmapsupp.img, unaliweka kwenye folda yenye jina Garmin ndani ya memori kadi, unaichomeka, basi. TomTom haikupi uhuru huo. Unatumia ramani ya TomTom pekee, na kama kijiji chako hawajakichora, utasubiri wakichore wao.

Kwa dereva wa Amsterdam hilo si tatizo. Kwa anayekwenda Nguruka ni tatizo kubwa.

Halafu kuna vifaa vinavyoletwa na ndugu kutoka Ulaya kama zawadi. Vingi huja na ramani ya Ulaya peke yake. Ukikiwasha Tabora kinapata setilaiti vizuri kabisa, kinaonyesha kigari katikati ya ukurasa mtupu, hakuna barabara wala jina. Watu wanadhani kimeharibika. Ni kizima, kinachokosekana ni ramani.

Nitajuaje kama ramani iliyomo ni nzuri kabla sijatoa hela?

Usimruhusu muuzaji akuonyeshe Dar es Salaam. Kariakoo na Posta zipo kwenye kila ramani. Mwombe akiwashe, kisha ukipime kwa barabara unayoijua wewe.

Mimi hufanya hivi. Naweka mwanzo wa safari Tabora na mwisho Kigoma, halafu naangalia kitanipitisha wapi. Njia iliyonyooka ni Ndono, Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, unavuka Mto Malagarasi kwenye daraja la Kikwete, unatokea Uvinza, Kidahwe, Kigoma. Ni zaidi ya kilomita 400. Ramani iliyopitwa na wakati itakukwepesha: itakupeleka Nzega, Kahama, Nyakanazi, Kibondo, Kasulu, ndipo ushuke Kigoma. Vipande vya kati ya Kaliua na Uvinza vilichelewa kupata lami kuliko vya pande zote mbili, kwa hiyo ramani za zamani huvihesabu kama njia ya porini, au zinakosa daraja kabisa. Ukiona mzunguko huo, muulize muuzaji ramani ni ya mwaka gani. Akisema hajui, kirudishe mezani.

Baada ya hapo nasogeza ramani mpaka mahali palipo nje ya barabara kuu. Isikizya ipo? Usinge ipo? Je, barabara ya kutoka Ipole kwenda Mpanda imechorwa nene kama barabara kuu, au ni uzi mwembamba? Mwisho tafuta mtaa wako mwenyewe. Dakika tano zinatosha, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza. Niliambiwa na duka moja kwamba kifaa kina "Afrika yote", nikalipa, nikaondoka. Afrika yote ilikuwemo kweli, ila kwa Tabora zilikuwemo barabara mbili na reli.

Niliandika Mwanga, kikasema nina safari ya siku mbili. Kimeharibika?

Hakijaharibika. Kimekupeleka Mwanga ya Kilimanjaro badala ya Mwanga ya Kigoma mjini. Majina yetu yanajirudia nchi nzima, na kifaa hakijui ulimaanisha ipi. Kabla ya kubonyeza "nenda", soma umbali. Kama unatoka Gungu na kinasema kilomita zaidi ya elfu moja, chagua jina lingine kwenye orodha.

Herufi pia zinasumbua. Ng'ambo ya Tabora kwenye ramani nyingine imeandikwa bila ile alama ya juu, kwa hiyo jaribu Ngambo. Jina likigoma kabisa, gusa mahali penyewe kwenye ramani kwa kidole, au tumia kodineti.

Kodineti ndiyo nini, na kwa nini zinanipeleka Sudan Kusini?

Ni namba mbili zinazotaja mahali popote duniani: ya kwanza ni umbali kutoka ikweta, ya pili ni umbali kwenda mashariki au magharibi. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza lazima iwe na S au alama ya kutoa. Kigoma ni takribani -4.88, 29.63. Ukisahau ile alama, kifaa kinasoma 4.88 kaskazini, na pale ni karibu na mji wa Maridi, Sudan Kusini. Anayeisahau kwa Tabora naye anaangukia Sudan Kusini, upande wa mashariki zaidi.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani haraka. Kuna watu wanaoandika kwa nyuzi na dakika: Kigoma 4°53' kusini. Nyuzi moja ina dakika 60, kwa hiyo 4°53' ni sawa na 4.88. Ukiandika 4.53 umekosea kwa karibu kilomita 39. Hiyo kwa barabara zetu ni nusu siku. Mtu akikutumia kodineti, muulize zimeandikwa kwa mtindo gani, kisha weka kifaa chako kwenye mtindo huohuo. Na usikate tarakimu za mwisho: tarakimu ya nne baada ya nukta ni kama mita 11 ardhini.

Kinasema pinda, lakini naona njia ya ng'ombe. Nifuate?

Usifuate. Naomba niseme kwa kirefu, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Vifaa vyote hivi vina mpangilio wa kuchagua njia. Kuna njia ya haraka na kuna njia fupi. Njia fupi inasikika kama kuokoa mafuta. Kifaa kinapohesabu kilomita tu, kila mstari ni barabara, iwe ya lami au ya baiskeli. Nilikuwa natoka Sikonge kwenda Mpanda, mwezi wa Machi, mvua bado zipo, na memori kadi yangu ilikuwa na ramani ya bure. Nilikuwa nimechagua njia fupi bila kujua. Nilipoipita Ipole kikaniambia nipinde kulia, nikapinda. Mwanzoni palikuwa na alama za matairi. Kilomita ya tano majani yalikuwa yanafuta sakafu ya gari. Kilomita ya kumi na moja njia ilikuwa upana wa baiskeli, miombo pande zote, mbung'o wameshaingia ndani, na kifaa kinanionyesha mstari mzuri wa zambarau ulionyooka, kimeandika nitafika saa tatu kasoro usiku. Akatokea mzee mmoja akisukuma baiskeli yenye madumu ya asali. Nikamwamkia, nikamuuliza barabara ya Mpanda. Akatazama gari, akatazama nyuma yake alikotoka. "Mwanangu, huku hakuna barabara. Huku kuna mizinga yangu."

Nilirudi kinyumenyume mpaka nikapata upenyo wa kugeuzia. Nilifika barabara kuu giza limeshaingia.

Kwa hiyo kifaa kikiingia tu garini mwako, fungua mipangilio, chagua njia ya haraka, kisha washa sehemu ya kuepuka barabara zisizo na lami. Kama unakokwenda hakuna lami, kifaa kitakupitisha kwenye vumbi mwisho wa safari tu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili usiizime sehemu hiyo. Na ukimwona mwenyeji, simama umuulize.

Gari langu limetoka Japani na lina navigesheni. Naweza kuiwekea ramani ya Tanzania?

Kwa nyingi, haiwezekani. Zilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani: ramani ni ya Japani, sauti ni Kijapani, na mfumo hausomi kitu kingine. Ndiyo maana hata redio yake inakusumbua. FM ya magari mengi ya zamani ya kule huishia 90 MHz, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Ukitolewa betri, baadhi hudai namba ya siri au kadi yake ya asili na hazifunguki tena bila hiyo. Kuwa makini na fundi anayekuahidi "kuibadilisha lugha". Mwombe akuonyeshe kwanza gari lingine alilolifanyia kazi likiwa na ramani ya Tanzania, likitembea.

Nimepata kifaa cha mtumba kwa bei nzuri. Nichukue?

Kiwashe nje, kwenye uwazi, halafu angalia tarehe. GPS huhesabu wiki kwa namba inayofika mwisho kila baada ya wiki 1,024 kisha inaanza upya, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani visivyosasishwa vilirudi nyuma miaka karibu ishirini. Baadhi huonyesha mahali sawasawa lakini tarehe na saa ya kufika ni za uongo, vingine havishiki setilaiti kabisa. Angalia pia kama betri imevimba na kuusukuma mfuniko, na kama tundu la chaja halichezi. Ukiridhika na hayo, rudi kwenye jaribio la Tabora hadi Kigoma.

Kinachelewa sana kushika setilaiti. Kwa nini?

Mara nyingi umekiwasha chini ya kitu. Ishara hizo ni dhaifu mno zikifika ardhini, na majani mazito yaliyolowa huzipunguza. Ukiwasha gari chini ya miembe mikubwa ya Tabora utasubiri. Toka kwenye uwazi, simama dakika kadhaa. Kifaa kilichosafirishwa mbali au kilicholala miezi huhitaji kujifunza upya setilaiti ziko wapi, na orodha kamili inachukua dakika 12 na nusu kuipokea. Tinti zenye madini ndani yake nazo huzuia. Sogeza kifaa kwenye sehemu ya kioo isiyo na tinti.

Kifaa kinachosikia pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China, yaani GLONASS, Galileo na BeiDou, hushika haraka zaidi. Sifa hiyo ina thamani, iulizie.

Spidi ya GPS na ya dashibodi hazilingani. Niamini ipi mbele ya tochi ya trafiki inayopima mwendo?

Kwenye barabara iliyonyooka na mwendo usiobadilika, ya GPS ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Dashibodi za viwandani huwekwa zisome juu kidogo: inasema 50, kumbe ni 47. Lakini kama umefunga matairi makubwa kuliko ya asili, kama wanavyofanya wenye Prado na Land Cruiser wengi huku, dashibodi inaweza kusoma chini, na wewe unazidisha bila kujua.

Usiitegemee GPS kukwambia kijiji kinaanzia wapi. Mara nyingi haijui. Kibao cha 50 kitafute kwa macho yako, kuna watoto wanavuka.

Lori langu ni la volti 24. Nichomeke tu?

Soma maandishi kwenye chaja. Iwe imeandikwa 12–24V. Ya volti 12 pekee itaungua, na inaweza kuondoka na kifaa.

Hiki ni sawa na kile kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwenye mabasi?

Hapana. Kile kinatuma taarifa za basi, mahali lilipo na mwendo wake, ili wasimamizi walifuatilie. Hiki kinamwonyesha dereva njia na hakitumi kitu.

Kuna kinachoongea Kiswahili?

Kwenye vifaa maalumu nilivyoshika sijakutana nacho; nyingi husoma majina yetu kwa matamshi ya Kiingereza mpaka usiyatambue. Mimi huzima usomaji wa majina, nabaki na "kulia" na "kushoto" na mita zilizobaki. Simu iko mbele kwenye hili: Google Maps ilipata Kiswahili mwaka 2018.

Navuka Manyovu kuingia Burundi. Kuna la kujua?

Mawili. Hakikisha Burundi imo kwenye ramani yako, maana ramani inayouzwa kwa jina la Tanzania huishia mpakani. La pili, Burundi wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kwenye kipilefti kifaa kitakuelekeza uingie kwa kulia. Usishindane nacho.

Nikibaki na simu, niweke programu gani?

Organic Maps ni nyepesi na inafanya kazi yote bila mtandao. OsmAnd ina mambo mengi zaidi, ila mipangilio yake inahitaji uvumilivu. Zote mbili zinatumia OpenStreetMap. Google Maps ni nzuri kwa kutafuta maduka na hoteli za mjini, lakini lazima upakue eneo kabla ya safari, na ulichopakua kina muda wa mwisho, hivyo kisasishe ukiwa kwenye Wi-Fi. Mimi naweka mbili, ili moja ikidanganya nyingine inishtue. Na nunua stendi imara. Barabara ya vumbi huangusha za bei rahisi.

Nikilipaki gari, nikiache kwenye kioo?

Hapana. Jua litaivimbisha betri, na mwizi atavunja kioo. Ondoa na ile alama ya mviringo inayobaki kwenye kioo, nayo humwambia mwizi kuwa kifaa kimo ndani.

Kijiji chetu hakipo kwenye ramani yoyote. Tufanyeje?

Kiongezeni. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na mtu yeyote anaweza kuihariri. Unafungua akaunti bure. Kwenye Organic Maps unaweza kuongeza zahanati, shule au duka hapohapo kwenye simu. Barabara huchorwa kwenye kompyuta juu ya picha za setilaiti. Wako Watanzania wengi wanaofanya kazi hii kwa kujitolea, wakiwemo wa Crowd2Map ambao tangu 2015 wamekuwa wakichora vijiji vya nchi yetu. Ukishaongeza, OsmAnd hutoa ramani mpya kila mwezi, na ya Garmin unaipakua upya na kuiweka kwenye kadi.

Nilijifunza kazi hiyo kwa sababu ya ile njia ya Ipole. Ilikuwa imechorwa kama barabara ya gari. Niliibadilisha mwenyewe ikawa njia ya miguu na baiskeli, nikasubiri, nikapakua ramani mpya. Safari iliyofuata nilipita pale mchana, nikitazama kifaa kuliko barabara kwa zile mita mia mbili. Mshale ulipita mbele ya mchepuko ule bila kuniambia nipinde.